Misuli ya Gari la Zamani

Hadithi! Hadithi njoo. Najua mngependa kumalizia "uongo njoo, utamu kolea", lakini leo uongo nimeuacha mlangoni. Mambo nitakayosimulia yana mwaka wake na mahali pake, na mzee yeyote aliyewahi kusukuma gari kwenye tope la Makambako ana ruhusa ya kunisahihisha.

Ni habari za magari ya zamani. Baadhi yenu mmeyaona kwenye simu za kaka zenu yale magari ya Kimarekani yenye boneti ndefu na matairi manene ya nyuma, yananguruma mpaka spika ya simu inakwaruza. Wenyewe Wamarekani huyaita magari ya misuli. Wako watu kule wanaonunua mabovu yake yaliyotupwa ghalani, wanayafanyia kazi miaka mitatu, minne, mpaka yanang'aa tena. Tutaanzia huko kwao kidogo, kisha tutarudi nyumbani Mbeya na Iringa, maana nasi tunayo magari ya misuli. Ila misuli yake ni ya aina nyingine.

Shikeni tarehe mbili. Tarehe 17 Aprili 1964, kwenye Maonyesho ya Dunia jijini New York, kampuni ya Ford ilizindua gari jipya liitwalo Mustang. Tarehe 26 mwezi huohuo Tanganyika na Zanzibar zikaungana. Kwa hiyo Mustang ameizidi Tanzania umri kwa siku 9 tu. Bei yake ilianzia dola 2,368, na ndani ya mwaka mmoja Wamarekani walikuwa wamenunua zaidi ya magari 400,000. Pontiac nao walikuwa na gari lao la modeli ya 1964, GTO, ambalo wengi wanasema ndilo lililofungua mlango wa magari ya misuli.

Ujanja wake haukuwa mgumu. Walichukua bodi ya gari la wastani, gari la baba mwenye watoto watatu, wakaifungia injini iliyokusudiwa gari kubwa. Injini ya GTO ilikuwa na ujazo wa lita 6.4 na nguvu za farasi 325. Ndani ya injini kuna silinda, na ndani ya kila silinda kuna pistoni inayopanda na kushuka. Petroli iliyochanganyika na hewa inawashwa na plagi, inalipuka, inaisukuma pistoni chini, na msukumo huo ndio unaofika kwenye matairi. GTO ilikuwa na silinda nane, nne upande huu na nne upande ule, zimelazwa kwa umbo la V. Ndiyo maana mafundi husema V8.

Vijana wa Marekani walishindana robo maili, yaani mita 402, kwenye lami iliyonyooka. Taa ikiwaka kijani unakanyaga mafuta. Hakuna kona, hakuna ng'ombe, hakuna mto uliofurika. Baada ya sekunde kumi na tatu au kumi na nne mbio zimekwisha na watu wanapiga makofi. Petroli ilikuwa rahisi, hakuna aliyehesabu lita. Halafu Oktoba 1973, wakati wa vita vya Waarabu na Israeli, nchi za Kiarabu zikasitisha kuiuzia Marekani mafuta. Bei ikaruka, foleni zikajaa kwenye vituo, na magari yale yaliyokuwa yameshaanza kubanwa na sheria za moshi na bima ghali yakaishiwa enzi yake.

Je, yaliwahi kuja kwetu? Yalikuja, na hapa nawaomba msogee karibu, kwa sababu kisa hiki hakisimuliwi sana.

Tangu 1953 kulikuwa na mbio za magari zilizoanzishwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na zikaja kuzoeleka wakati wa Pasaka, msimu wa mvua za masika. Baadaye zikaitwa East African Safari. Njia yake ilikuwa maelfu ya kilomita za vumbi na tope. Mwaka 1963 na tena mwaka 1968, katika msururu mzima wa magari yaliyoondoka, ni 7 tu yaliyofika mwisho.

Basi Pasaka ya 1964, wiki chache kabla ya Mustang kuzinduliwa, Wamarekani wakaleta timu ya magari 6 aina ya Mercury Comet. Yalikuwa na V8, yalikuja na mafundi na vipuri tele, na matangazo ya biashara yalikuwa yanasubiri ushindi. Mvua ikanyesha. Kati ya yale 6 yalimaliza 2, tena nyuma kabisa ya msafara. Aliyeshinda alikuwa anaendesha Ford Cortina GT, kigari cha Uingereza chenye silinda nne. Miaka miwili baadaye, 1966, na tena 1967, mshindi alikuwa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, ndani ya Peugeot 404, gari ambalo wazee wenu waliliita Pijo na kulifanya teksi. Tope halina adabu kwa farasi 300.

Sasa turudi nyumbani.

Gari la misuli la Nyanda za Juu Kusini ni Land Rover. Nasema hivyo nikijua kuna watakaobisha, hasa wale waliokulia kwenye Bedford na Leyland. Wabishe tu. Lori lilibeba mahindi ya Ismani na chai ya Mufindi, sikatai, lakini aliyeugua usiku wa masika kijijini hakupelekwa hospitali na lori. Alikuja kuchukuliwa na Land Rover ya misheni au ya serikali, amelazwa nyuma kwenye godoro, ndugu wawili wamemshika asigongwe na bati.

Land Rover nalo lina damu ya Marekani. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, Maurice Wilks, alikuwa na shamba kisiwani Anglesey, huko Wales, na alilitumia Jeep la jeshi la Marekani lililobaki vitani. Jeep lilikuwa linachakaa, na hakuona la Kiingereza la kuchukua nafasi yake. Mwaka 1947 Rover wakatengeneza gari la majaribio juu ya chesisi ya Jeep hilohilo. Tarehe 30 Aprili 1948 Land Rover likaonyeshwa hadharani mjini Amsterdam. Chuma Uingereza kilikuwa cha mgawo baada ya vita, lakini aluminiamu ilikuwepo ya kutosha kwa sababu viwanda vya ndege za kivita vilikuwa vimepunguza kazi. Ndiyo sababu bodi ya Land Rover ni aluminiamu na chesisi yake ni chuma. Likumbukeni hilo, litatusumbua tukifika gereji.

Damu ya pili ilikuja baadaye. Mwaka 1961 Wamarekani wa Buick walikuwa wameunda V8 ndogo ya aluminiamu, kisha wakaichoka mapema. Rover wakainunua haki yake. Ikawekwa kwenye Range Rover ya 1970, na kuanzia 1979 kwenye Land Rover lenyewe. Kwa hiyo mkikutana na Land Rover ya zamani yenye V8, mnatazama injini iliyozaliwa Marekani enzi zilezile za magari ya misuli.

Lakini hayo ni machache. Gari tulilolizoea ni lile la 109. Hizo ni inchi, umbali kutoka katikati ya tairi la mbele hadi katikati ya tairi la nyuma, kama mita 2.77. Fupi lake ni 88. Injini ya petroli ya 109 ilikuwa na silinda nne, ujazo wa sentimita za ujazo 2,286, na nguvu za farasi 77. Pigeni hesabu: haifiki robo ya GTO.

Sasa ingieni ndani ya kabini, tazameni chini, karibu na mpini wa gia. Kuna mpini mwingine wenye kichwa chekundu na kifimbo kifupi chenye kichwa cha njano. Cha njano ukikibonyeza, matairi ya mbele nayo yanaanza kuvuta. Mwekundu ukiuvuta nyuma, unaingia kwenye gia nzito: injini inazunguka sana, matairi yanazunguka kidogo, na nguvu inaongezeka. Gari linatambaa polepole, mtu anaweza kutembea pembeni yake anapiga soga na dereva, lakini linatoka kwenye tope ambalo GTO ingezama hadi milangoni. Misuli ya Wamarekani ilipimwa kwa sekunde. Hii ilipimwa kwa kufika au kutofika.

Nitawapitisha kwenye barabara yenyewe, maana bila barabara gari ni bati tu.

Barabara mnayopanda basi kwenda Dar es Salaam haikuwa ya lami. Ilikuwa udongo, na masika ikawa uji. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe, wakiongozwa na Ian Smith, walijitangazia uhuru wao wenyewe bila Waafrika walio wengi. Zambia ilikuwa inapata mafuta yake kupitia huko. Kabla ya mwaka kuisha mafuta yalikatika. Nchi nzima, yenye migodi ya shaba, ikabaki inatazama zaidi upande wa rafiki yake, Tanzania.

Ndipo malori yakaanza. Mapipa ya mafuta yalipakiwa Dar es Salaam, yakapita Morogoro, yakapanda Kitonga, yakaja Iringa, Mafinga, Makambako, Mbeya, hadi Tunduma na kuvuka. Kurudi yalibeba shaba. Mwaka 1966 serikali za Zambia na Tanzania ziliunda kampuni ya pamoja ya usafirishaji, na malori ya Fiat ya Italia yakajaa njiani. Watu waliiita Njia ya Jehanamu, na hawakukosea. Mlima Kitonga upande mmoja ni ukuta wa mwamba na upande wa pili ni bonde. Lori lenye mapipa likikosa breki pale, halikuwa na pa kukimbilia. Mabaki ya malori yalibaki korongoni miaka mingi. Madereva na utingo wao walilala chini ya magari wakisubiri tope likauke, wakipika ugali kandokando ya mapipa ya petroli, jambo ambalo nyinyi msithubutu kulifanya.

Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, likaanza kazi 1968, na mapipa yakapumzika. Lami ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1970, Marekani na Benki ya Dunia zikitoa mikopo, huku Wachina wakijenga reli ya TAZARA iliyokabidhiwa 1976. Jamani, hebu fikirieni: Mmarekani kwenye barabara, Mchina kwenye reli, Muitaliano kwenye lori, Mwingereza kwenye Land Rover, na anayeshika usukani ni Mhehe, Mnyakyusa, Mbena, Msafwa. Dunia nzima ilipita Uyole.

Haya, gereji.

Hebu tulibuni gari moja. Tuseme ni Land Rover 109 ya mwaka 1966, imelala nyuma ya nyumba huko Mufindi, mparachichi umeota pembeni yake na kuku wanatagia kwenye siti ya dereva. Wanunuzi wa chuma chakavu wameshapita mara mbili na mizani yao. Mjukuu wa mwenye gari ameamua kulipeleka Ipogolo, pale chini Iringa kwenye barabara kuu, kwa fundi mzee.

"Kamwene! Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu. Umeniletea gari au banda la kuku?"

Fundi hafungui boneti. Anachukua nyundo ndogo, anaingia chini, anaanza kuigonga chesisi taratibu kutoka mbele hadi nyuma, kama mnunuzi anavyogonga tikiti sokoni. Ngi, ngi, ngi. Halafu: tupu. Sauti imezama. Pale pameoza. Chesisi ya Land Rover ni sanduku refu la chuma lililo wazi ndani, na tope likiingia humo halitoki. Linakaa na unyevu wake, linakula chuma kutokea ndani huku nje rangi inaonekana nzima. Mahali pa kwanza kuoza huwa ni ule mwamba wa nyuma, unaofungiwa ndoano ya kuvutia. Kwa gari lililoishi Tukuyu au Mufindi, kwenye mvua nyingi na ukungu, fundi anajua jibu kabla ya kugonga, ila anagonga hivyohivyo ili ajue pa kukata.

Na ile aluminiamu? Haipati kutu nyekundu, kwa hiyo watu wengi hudhani bodi ya Land Rover haiozi. Tazameni mahali bodi inapokutana na boliti ya chuma au fremu ya mlango. Mtaona unga mweupe. Metali mbili tofauti zikigusana penye maji huanza kupitisha umeme mdogo sana kati yao, na aluminiamu ndiyo inayoliwa. Jeki na nyundo haviwezi kuzuia hilo. Kinachosaidia ni kuvitenganisha kwa rangi nzuri, mpira au grisi wakati wa kufunga.

Kisha kufungua. Hapa ndipo vijana wengi huharibu. Mjukuu analeta boksi la spana zinazotumika kwenye Toyota kama Noah, anachukua namba 13, anaishika nati, anavuta, nati inakuwa mviringo. Fundi anamtazama tu. Nati za Mwingereza wa enzi zile zilipimwa kwa inchi. Ile ilikuwa ya nusu inchi, yaani milimita 12.7. Ile tofauti ya milimita 0.3 ndiyo iliyokula kona zake. Spana za inchi zinapatikana, ukizitafuta kwa wazee. Na kabla ya kuvuta, nati iliyokaa miaka thelathini inapakwa mafuta ya taa au dizeli, inaachwa ilale, kesho inapakwa tena.

Kila kinachotoka kinawekwa kwenye kopo lake, na kopo linaandikwa. Boliti za mlango wa kulia, kopo. Za mlango wa kushoto, kopo jingine, hata kama zinafanana. Ukitaka kumjua fundi mzuri wa magari ya zamani, usitazame mikono yake, tazama makopo yake.

Injini haiwashwi kwa pupa. Plagi zinatolewa, oili kidogo inamiminwa ndani ya kila silinda, inaachwa ipenye kwenye ringi za pistoni. Baada ya siku kadhaa ndipo inazungushwa kwa mkono. Land Rover hizi zina tundu mbele la kuingizia hendeli, ile fito ya chuma iliyopindwa mara mbili. Babu zenu waliitumia asubuhi za Juni na Julai, wakati baridi ya Mbeya imeua betri. Siku ikifika ya kuwasha nayo, sikilizeni vizuri: kidole gumba kinakaa upande mmoja na vidole vingine, hakizungushwi upande wa pili wa hendeli. Injini inaweza kurudisha teke, na gumba lililozunguka hendeli huvunjika. Vilevile msiingie kamwe chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, na msipulize vumbi la breki za gari la zamani kwa mdomo. Breki za wakati ule zilikuwa na asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu polepole.

Umeme nao una mtego. Magari ya leo waya wa hasi wa betri ndio unaofungwa kwenye bodi. Land Rover nyingi za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 zilikuwa kinyume, chanya ndiyo ilikwenda kwenye bodi. Fundi wa umeme wa siku hizi asiyejua hilo anaweza kuunguza kila kitu kwa dakika moja, halafu akalilaumu gari.

Rangi ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote. Ukipiga msasa mlangoni taratibu, huku unamwagia maji, rangi zinatoka kwa zamu. Juu nyeupe iliyopigwa kwa brashi. Chini yake bluu. Chini ya bluu, kijivu au kijani cha kiwandani. Katikati huenda zikatokea herufi: jina la misheni, la idara, au la shirika la umma lililokufa kabla hamjazaliwa. Hapo simamisheni msasa. Pigeni picha kwanza. Herufi zile zikishafutika, hakuna duka linaloziuza.

Sasa kuna ugomvi ambao mtaukuta kila gereji, nami sitajificha. Land Rover nyingi za Tanzania zimeng'olewa injini zake za petroli zikafungwa injini za dizeli za Kijapani, kwa sababu petroli ni ghali na spea za Kijapani ziko kila kona ya Mwanjelwa. Wapenzi wa magari ya zamani wa Ulaya wakiliona gari hilo hushika kichwa. Kwangu mimi, gari linalobeba viazi kutoka Isyonje hadi Mbeya kila wiki lina heshima kuliko linalosimama chini ya turubai kwa sababu injini yake ya asili imekosa pistoni. Lakini ukiing'oa ile ya asili usiiuze kwa kilo. Ipake mafuta, ifunike, iweke stoo. Anayekuja baada yako anaweza kuirudisha, ila hawezi kuirudisha ikiwa imeshayeyushwa kuwa nondo.

Spea zenyewe si tatizo kama watu wanavyosema. Nyingine zinatoka Gerezani, Kariakoo. Nyingine zinatoka kwenye magari yaliyokufa. Bushi iliyoisha fundi wa mashine anaichonga upya, na mitaa ya SIDO ina vijana wanaoweza kazi hiyo kuliko wanavyolipwa. Anayetaka kujifunza kwa utaratibu, vyuo vya ufundi vya VETA viko Iringa na Mbeya.

Siku gari linapotoka gereji, fundi atampa mjukuu usukani na kukaa pembeni. Na mjukuu ataaibika, maana gia ya kwanza na ya pili za Land Rover ya 1966 hazijipatanishi zenyewe. Ukirudisha gia kwa mtindo wa gari la kisasa, zinasaga meno.

"Kanyaga klachi," fundi atasema. "Toa gia. Achia klachi. Gusa mafuta kidogo. Kanyaga klachi tena. Sasa ingiza."

"Mara mbili, babu?"

"Mara mbili. Na Kitonga ulikuwa unafanya hivyo kabla hujaanza kushuka. Ukishaanza kushuka umechelewa."

Ukishuka mlima na gari lile, gia unayopandia ndiyo unayoshukia, na injini ndiyo breki yako kubwa. Madereva wa malori ya mapipa walijua hivyo. Walioshika breki mwanzo hadi mwisho, breki zao zilichemka zikakataa kushika, na hao ndio walioacha malori yao korongoni.

Nimalizie na jambo la kufanya wenyewe, hata kama hamna gari. Mkiona Land Rover ya zamani, angalieni taa. Zikiwa zimebanana katikati, pembeni ya wavu wa mbele, hiyo ni ya kabla ya takriban 1969. Zikiwa zimehamia kwenye madigadi, ni ya baada ya hapo. Wavu wa mbele ukiwa wa plastiki, mnatazama Series III, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na hiyo gia zake zote za mbele zinajipatanisha, kwa hiyo msiwe na wasiwasi wa kanyaga mbili.

Oktoba 2024 Arusha ilikusanya Land Rover zaidi ya 1,000 zikaandamana barabarani kwa pamoja. Nilifurahi, ila nyingi za zile za zamani hazina hata karatasi moja inayoeleza zilifanya kazi gani na nani alikuwa akiziendesha. Na Boma la Iringa, ambalo sasa ni makumbusho, ningependa siku moja uani kwake lisimame lori moja la zile safari za Zambia, lenye mapipa yake.

Basi, mwulizeni babu au bibi kabla wanunuzi wa chuma chakavu hawajarudi na mizani: lile gari lilinunuliwa na nani, lilibeba nini, lilikwama wapi, utingo wake aliitwa nani. Andikeni kwenye daftari. Juu ya ukurasa andikeni namba ya chesisi. Imegongwa kwenye chuma upande wa kulia mbele, kwenye pembe ya chesisi panaposhikiliwa springi. Chukueni brashi ya waya msugue tope, kisha pakeni chaki, na namba itasomeka.